Kudai Haki Si Uadui: Mwislamu na Mahakama ya Madai Madogo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, ni nadra wiki kupita pasipo mtu kutujia baada ya sala ya alasiri na shauri la deni. Huyu aliuza mbao, nusu ya bei hajaiona. Yule alitengeneza mlango na madirisha ya nyumba nzima, mwenye nyumba amehamia na simu haishiki tena. Mwingine amegongewa tuktuk yake ikiwa imeegeshwa, na aliyeigonga aliahidi mbele ya watu kwamba atalipa ufundi. Wote huuliza swali moja: "Sheikh, yafaa nimpeleke Mwislamu mwenzangu mahakamani?"

Tukilichunguza swali hili, twaona kwamba mara nyingi lina hofu ndani yake kuliko kutaka kujua hukumu ya sheria. Mtu anaogopa kuambiwa kwamba amevunja udugu, ameufichua mtaa, amekosa subira. Nasi twapenda kulijibu leo kwa urefu, kwa kuwa katika miji yetu ya pwani neno sitara limegeuzwa shuka la kufunikia dhulma, na wanaofunikwa nalo ni wanyonge: mpishi, fundi, mshonaji, mwenye kijiduka. Tajiri akidhulumiwa ana wakili wake. Mnyonge akidhulumiwa huambiwa asubiri.

Tuanze na msingi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haizungumzii sala wala saumu. Ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo yazungumzia deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, muda wake utajwe, mashahidi wawepo. Aya mbili kabla yake, mdai anaamrishwa ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Hapa pana mizani. Asiye nacho apewe muda, au asamehewe, na hilo lina malipo makubwa mbele ya Allah. Lakini mwenye nacho akichelewesha, Mtume (s.a.w.) amekuita kuchelewesha huko kuwa ni dhulma. Hakukuita uzembe wala usahaulifu.

Na mtu mmoja alipomjia Mtume (s.a.w.) kumdai ngamia wake, akamsemea kwa ukali, sahaba walitaka kumtia adabu. Mtume aliwazuia, akawaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamrisha alipwe ngamia aliye bora kuliko wake. Tazama, ndugu msomaji. Aliyedaiwa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na bado hakuona aibu kudaiwa hadharani. Sisi nani hata tuone kwamba kudaiwa ni kuvunjiwa heshima?

Wako wanaosema kwamba mahakama za serikali si za Kiislamu, basi kwenda huko ni kuiacha dini. Hao twawakumbusha kisa cha Hilful-Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alifika Makka na bidhaa, akamuuzia Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kikureshi. Al-As alichukua mali akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na kabila la kumtetea, akapanda jabali la Abu Qubais na kupiga ukelele wa dhulma. Ndipo baadhi ya koo za Makureshi zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, zikaapa kwamba aliyedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, wote watakuwa pamoja naye mpaka haki yake irudi. Mtume wetu, akiwa kijana na kabla hajapewa utume, alihudhuria kiapo kile. Na baada ya kuja Uislamu alisema kwamba lau angeitwa kwenye kiapo kama hicho angeitika. Wale walioapa hawakuwa Waislamu. Na shauri lenyewe lilikuwa nini? Bei ya bidhaa isiyolipwa. Kwa lugha ya leo, lilikuwa dai la kibiashara baina ya watu wawili, lile lile linaloletwa kwetu baada ya alasiri.

Hivyo jibu letu ni hili: kuidai haki yako mbele ya chombo chenye uwezo wa kuirudisha si uadui, maadamu umetangulia na sulhu, unadai kilicho chako tu, na hukusema uongo. Masharti haya matatu ndiyo tutakayoyaeleza, na pamoja nayo njia yenyewe, kwa sababu kumwambia mtu kwamba yafaa bila kumwonyesha mlango ni kumwacha alipo.

Sulhu ndiyo hutangulia. Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti wa Mtume mpaka sauti zao zikapanda. Mtume (s.a.w.) alifunua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab apunguze nusu ya deni. Kaab akakubali. Papo hapo Mtume akamwambia yule mwingine ainuke alipe. Wengi wetu twaisimulia nusu ya kwanza ya hadithi hii, ile ya kupunguza, tukaisahau nusu ya pili. Sulhu si kumwomba mdai apunguze peke yake; sulhu ina mtu wa kuinuka na kulipa.

Twatoa mfano tulioushuhudia, pasipo kutaja jina la mtu wala mtaa. Mama mmoja, mjane, kazi yake ni kupika katika karamu. Mfunguo Mosi wa mwaka huo alipika biriani ya walima wa familia inayojulikana, kwa mapatano ya shilingi 210,000. Alipewa 100,000 za kutangulia. Mchele, nyama na mafuta vilivyosalia alivichukua kwa mkopo, mchele kwa mwenye duka, nyama kwa mwenye bucha, na kina mama wanne waliomsaidia kuinua masufuria aliwaahidi ujira wao baada ya shughuli. Harusi ikapita salama. Pesa hazikuja. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hapa aliyekula harusi ni mmoja na aliyewekewa matanga ni mwingine.

Tuliwakalisha pamoja msikitini mara mbili. Mara ya kwanza yule bwana alikubali deni, akaahidi kulimaliza kabla ya mwezi wa Maulidi. Alituma 25,000, akanyamaza. Mara ya pili aliahidi Rajabu. Rajabu ikaingia na ikatoka. Mama yule alikuwa amekwisha kuuza bangili zake mbili amlipe mwenye bucha, naye mwenye duka la mchele alikuwa amekwisha kumkatia mkopo, kwa hivyo kila kazi mpya aliyoitwa hakuweza kuichukua. Shilingi 85,000 kwa mdaiwa yule zilikuwa jambo la kuahirisha. Kwa mama huyu zilikuwa mtaji wote. Akatuambia: "Sheikh, mimi sitaki ugomvi na watu. Lakini hao kina mama wanne kila asubuhi wapita mlangoni pangu, na mimi ndiye niliyewaita kazini."

Watu walimshauri aende kwa kadhi, na ushauri huu una sababu yake katika historia. Zamani, katika ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, maliwali, mamudiri na makadhi walisikiza mashauri ya wenyeji wa pwani, na wazee wetu walizoea kupeleka huko ugomvi wao. Leo sivyo. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imeipa mahakama ya kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa nayo. Deni la biriani halimo. Kadhi atakusikiza kwa wema, na huenda akawasuluhisha kama mzee na mwanachuoni, lakini hana mamlaka ya kumhukumu mtu alipe bei ya mchele. Wala polisi si mahali pa kudai deni. Kutolipa ahadi ya biashara peke yake ni shauri la madai, si jinai, na kumtisha mtu kwa seli ili alipe ni dhulma nyingine juu ya dhulma.

Mlango uliopo ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ya kwanza ilianza kazi Nairobi mwaka 2021. Mombasa nayo inayo. Hapo mwanzo kiwango cha dai kilikuwa shilingi 200,000, na marekebisho ya mwaka 2020 yakakipandisha hadi shilingi 1,000,000. Anayesikiza shauri huitwa mwamuzi, naye ni wakili wa Mahakama Kuu mwenye uzoefu usiopungua miaka 3. Sheria imeiagiza mahakama hii imalize shauri ndani ya siku 60 tangu kusajiliwa, isiahirishe ovyo, na hukumu itolewe ndani ya siku 3 baada ya kusikizwa. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Mama mpishi asiyejua Kiingereza aweza kusimama akaeleza shauri lake kwa ulimi aliozaliwa nao. Si lazima awe na wakili.

Mahakama hii husikiza madai ya bidhaa zilizouzwa au kazi iliyofanywa, fedha za mtu zilizo mikononi mwa mwingine, hasara au uharibifu wa mali, kurudishiwa kitu kinachohamishika, na fidia ya mtu aliyeumizwa mwilini. Hivyo mwuza mbao, fundi wa milango na mwenye tuktuk wote wana mahali pao. Lakini haisikizi ugomvi wa umiliki wa ardhi, wala kesi za kuvunjiwa heshima, wala ugomvi wa mwajiri na mfanyakazi wake. Mambo hayo yana mahakama zake. Dai likiwa kubwa kuliko milioni moja, hairuhusiwi kulikata vipande ili vipande vyake vipite mlango huu.

Tena haki ya kudai ina umri. Kwa kawaida deni la mapatano hudaiwa ndani ya miaka 6 tangu lilipostahili kulipwa, na hasara ya mali au mwili, kama kugongewa chombo, ndani ya miaka 3. Mbele ya Allah deni halizeeki. Mbele ya mahakama lazeeka. Anayesubiri kwa haya miaka saba, huenda akakuta haya yake imempotezea mlango.

Sasa maandalizi. Katika sheria yetu ya dini, bayana ni juu ya anayedai na kiapo ni juu ya anayekana; na sheria ya nchi nayo yamtaka anayedai athibitishe. Msomaji asiende mahakamani na machozi peke yake. Aketi kwanza nyumbani na daftari. Aandike kwa tarehe: tuliagana lini, kwa bei gani, nilifanya nini, nililipwa kiasi gani, kimesalia nini, ni nani aliyekuwepo. Kisha kila jambo alitafutie ushahidi: risiti, orodha ya vitu, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo, jumbe za simu, picha, mashahidi. Jumbe zisifutwe, na simu isibadilishwe kabla hazijahifadhiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mama mpishi hakuwa na mkataba. Alikuwa na karatasi ya orodha ya vyakula aliyoandikiwa na binti yake, taarifa ya M-Pesa yenye malipo mawili, 100,000 na 25,000, na jumbe za simu. Tulipozipitia tukakuta moja, iliyotumwa siku mbili baada ya harusi, ambayo yule bwana alimshukuru, akasema chakula kilitosha wageni wote na kwamba salio angelimaliza wiki itakayofuata. Mama huyu alikuwa na hoja yake mfukoni mwaka mzima naye hajui.

Hatua inayofuata ni barua ya kudai. Iandikwe kwa adabu, pasipo matusi wala vitisho: kiasi kinachodaiwa, kimetokana na nini, siku ya mwisho ya kulipa, na kwamba ikipita siku hiyo shauri litapelekwa mahakamani. Siku 7 au 14 zatosha. Ihifadhiwe nakala, na ushahidi kwamba ilimfikia. Barua nyingi humaliza jambo papo hapo, kwa sababu mdaiwa hutambua kwamba safari hii kuna karatasi. Kwa mama yetu haikumaliza. Alijibiwa kwa njia ya wazee wawili waliokuja kumwambia kwamba amewaaibisha watu wakubwa. Aliwapa kahawa, akawasikiza, kisha akawauliza kwa upole ni nani kati yao atakayechukua dhamana ya deni hilo, kama Abu Qatada alivyochukua dhamana ya deni la maiti ili Mtume (s.a.w.) amsalie. Wakaaga.

Dai husajiliwa kwa fomu maalumu, nayo huwasilishwa kwa mfumo wa mtandao wa Idara ya Mahakama. Asiyejua kompyuta asirudi nyuma. Aende kwenye sajili ya mahakama aulize, au asaidiwe na kijana anayemwamini. Akienda saiba, akae hapo hapo mpaka kazi iishe, asimwachie mtu kitambulisho chake na nywila zake. Ada ya kusajili ni ndogo kuliko watu wadhaniavyo, na hulipwa kwa njia rasmi yenye risiti. Anayeomba pesa za kando ili "aharakishe faili" asipewe. Rushwa yaweza kuiharamisha haki iliyokuwa halali. Shauri hufunguliwa mahali mdaiwa anapoishi au kufanya biashara, au mahali mapatano yalipofanyika au yalipotakiwa kutimizwa.

Kwenye fomu hakikisheni mambo mawili. La kwanza ni jina la mdaiwa. Kama mliagana na mtu, andikeni mtu. Kama ni kampuni, andikeni jina la kampuni lilivyosajiliwa. "Baba Fulani" hatafutwi na mahakama. La pili ni hesabu. Iwe moja, inayolingana na ushahidi, isiyoongezwa hata shilingi kwa ajili ya hasira.

Kisha hati ya wito na dai humfikia mdaiwa. Ulizeni sajili ni nani anayestahili kuipeleka na kwa njia gani, kwa kuwa shauri haliwezi kuendelea pasipo kuthibitika kwamba mdaiwa amejulishwa. Hapa ndipo kesi nyingi za watu wasio na wakili hukwama, wala si kwenye haki yenyewe. Aliyepeleka huapa kwa maandishi kwamba ameipeleka, siku gani, mahali gani. Mdaiwa naye huwa na siku zilizoandikwa kwenye wito za kuleta majibu yake, na aweza kuleta dai lake dhidi ya mdai.

Siku ya kusikizwa, fika mapema, na karatasi zako zimepangwa kwa tarehe. Wengine siku hizi husikizwa kwa njia ya video. Soma ujumbe wa mahakama vizuri ujue yako ni ipi. Ukiitwa, eleza kwa ufupi: tuliagana hivi, nilitimiza hivi, nimelipwa hivi, nadai hivi. Usimweleze mwamuzi tabia za mdaiwa, wala historia ya ukoo wake, wala maneno uliyosikia mtaani. Mwenzako akisema uongo, usimkatize. Andika, utapewa nafasi ya kumwuliza.

Na hapa pana jambo la dini lililo zito kuliko yote tuliyoyataja. Mtaapa. Mwislamu ashikapo msahafu akaapa, huyo si karani aliye mbele yake anayemshuhudia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yeye ni mwanadamu, na huenda mmoja wetu akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa alichosikia, basi anayepewa kwa hukumu haki ya ndugu yake asiichukue, maana amekatiwa kipande cha moto. Hukumu ya mahakama haihalalishi alichokijua mtu moyoni mwake kuwa si chake. Maneno haya ni ya mdai na ni ya mdaiwa.

Katika shauri la mama mpishi, mdaiwa alijibu kwamba chakula kilipungua na hivyo bei ilipaswa kushuka. Mwamuzi akamsomea ujumbe wake mwenyewe, akamwuliza kama ile ni nambari yake. Akakiri. Basi akaomba wazungumze nje. Sheria ya mahakama hii yaruhusu hivyo: pande mbili zaweza kupatana wakati wowote kabla ya hukumu, na mapatano yao yakaandikwa na kuwa amri ya mahakama. Walipatana mafungu matatu, 30,000, 30,000 na 25,000, pamoja na kumrejeshea mama ada yake. La kwanza na la pili yalifika kwa wakati. La tatu lilichelewa siku 12, lakini lilifika.

Ndugu zetu, tafakarini. Ile ilikuwa sulhu ya tatu baina ya watu wale wale wawili, juu ya deni lile lile. Mbili za kwanza zilifanyika msikitini, kwa du'a na mikono ya kupeana, zikavunjika. Ya tatu ilifanyika ukumbini mwa mahakama, nayo ilisimama kwa sababu iliandikwa na ilikuwa na mwenye uwezo wa kuisimamia. Na aya ya deni ilikwisha kutuambia tuandike. Tangu hapo kila tunapowasuluhisha watu msikitini twaandika: kiasi, tarehe za kulipa, sahihi za wawili na za mashahidi wawili, kila mmoja akapewa nakala. Kamati za misikiti nyingine zifanye vivyo hivyo. Katiba yenyewe, katika ibara ya 159, yazitaka mahakama zihimize usuluhishi, kwa hivyo sulhu iliyoandikwa vizuri ni msaada kwa haki ya nchi na kwa haki ya dini.

Kuna swali la riba. Katika hukumu za madai, mahakama yaweza kuongeza faida juu ya deni pale inapoombwa. Mwislamu aombe deni lake na gharama alizozitumia kulidai, na sehemu ya riba asiijaze. Gharama za haki ni haki, kwa kuwa mwenye nacho ndiye aliyemlazimisha kuzitumia. Riba si yake.

Hukumu ikitoka na mdaiwa asilipe, bado kuna hatua za kuitekeleza, hata kuuzwa mali yake na dalali wa mahakama. Asiyeridhika aweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini juu ya jambo la kisheria tu, si kwa kuanza hadithi upya. Nasi twamnasihi mwenye hukumu mkononi: kabla ya kumwita dalali, tazama hali ya mdaiwa wako. Akiwa mwenye nacho, chukua haki yako. Akiwa hana kweli, irudie ile aya ya muhula, mpatane kidogo kidogo. Ushindi wa mahakama haumtoi mtu katika kuhesabiwa huruma yake.

Na wewe unayedaiwa, una nasaha yako. Ukipokea wito usiuchane, wala usijifiche ukadhani kutoonekana ni ushindi. Mahakama yaweza kukuhukumu pasipo kuwepo. Jibu, fika, sema kweli. Kama huna, sema huna, na ulete pendekezo la mafungu unayoyaweza. Kama unadaiwa zaidi ya haki, leta risiti zako. Wala usiwatume wazee kumnyamazisha anayekudai, kwa kuwa unawaingiza watu wazima katika dhulma yako. Dawa ya deni ni kulipa, na afadhali kulilipa ungali hai kuliko wanao kulitangaza mbele ya jeneza lako wakimtafuta anayekudai.

Kwa wale ambao leo wana shauri kama hili, wiki hii fanyeni jambo moja: chukueni daftari, andikeni tarehe na hesabu, na mtafute jumbe zenu za simu kabla hazijapotea. Kisha mwendeeni ndugu yenu kwa upole, mkiwa na mtu wa kushuhudia na kalamu ya kuandika. Akikubali, mmepata sulhu. Akikataa, mlango mnaujua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na mzigo wa deni na ghalaba ya watu, awarudishie waliodhulumiwa haki zao, na awape wenye kudaiwa wepesi wa kulipa na nia ya kulipa. Amin.

Wabillahi tawfiq.